Mtoto korokoroni: Kwa nini askari ahitaji mafunzo ya afya ya akili

Na Mwandishi Wetu

NI saa nne za usiku katika kituo cha polisi. Mvulana wa miaka 13 ameletwa kwa tuhuma za kuiba simu sokoni. Afisa wa zamu amemuuliza jina lake mara tatu, lakini mvulana anatazama sakafu tu. Anapoguswa begani ili asogee, anaruka, anapiga mayowe na kuipiga meza teke. Afisa anaandika katika kitabu cha matukio kwamba mshukiwa ni mkaidi na mjeuri, kisha anamfungia peke yake ili "apoe".

Mpenzi msomaji, kisa hiki tumekibuni, lakini mtoto wa aina hii si mgeni kwa polisi, wala kwa mahakimu na walimu wa shule za kurekebisha tabia. Swali letu leo si kama mvulana huyo aliiba au hakuiba. Hilo tuiachie korti. Swali letu ni la kiafya: Je, afisa yule alikuwa akitazama ukaidi, au alikuwa akitazama ugonjwa? Na angejuaje tofauti iliyopo ikiwa hakuna aliyewahi kumfunza?

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Mojawapo ya uchunguzi unaojulikana sana kuhusu jambo hili ulifanywa nchini Marekani, katika mji wa Chicago, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern wakiongozwa na Linda Teplin. Waliwahoji vijana 1,829 waliokuwa wamezuiliwa katika kizuizi cha watoto cha eneo hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba karibu thuluthi mbili ya wavulana na karibu robo tatu ya wasichana walikuwa na angalau aina moja ya maradhi ya akili, yakiwemo matatizo yanayotokana na pombe na dawa za kulevya.

Huenda ukasema kwamba hilo si ajabu, kwa kuwa hata utundu wa kupindukia huhesabiwa na madaktari kuwa ugonjwa. Watafiti hao walilifikiria jambo hilo. Walipouondoa ugonjwa wa tabia mbaya katika hesabu yao, bado karibu wavulana sita kati ya kila kumi, na zaidi ya thuluthi mbili ya wasichana, walibaki na maradhi mengine. Mwaka 2004, watafiti hao walitoa matokeo mengine: zaidi ya vijana tisa kati ya kumi waliwahi kupatwa na angalau tukio moja la kutisha, kama vile kushambuliwa au kumwona mtu akiumizwa vibaya au kuuawa.

Chicago si Nairobi wala Kakamega, na hatuwezi kuzichukua hesabu hizo na kuzibandika hapa kwetu. Hata hivyo, mambo yanayoifanya akili ya mtoto iugue tunayajua sana: kipigo nyumbani, kufiwa na wazazi, kunajisiwa, njaa, kulala mitaani, kunusa gundi. Aghalabu mambo hayo hayo ndiyo yanayomfikisha mtoto mikononi mwa polisi. Basi haifai kushangaa tukiukuta ugonjwa na kosa katika mtoto mmoja.

Sura za ugonjwa

Ugumu wa maradhi ya akili kwa watoto ni kwamba hayafanani na yale tunayoyaona kwa watu wazima. Mtu mzima mwenye sonona, yaani huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa, huketi kimya na kulia. Mtoto mwenye sonona mara nyingi huwa na hasira za haraka, hugombana na kila mtu, hutoroka shuleni na kusema hajali lolote. Anayemtazama humwona mjeuri.

Mtoto aliyepitia tukio la kutisha huwa kama mlinzi asiyelala. Mwili wake huwa tayari kupigana au kukimbia wakati wowote. Sauti ya ukali, mlango kufungwa kwa kishindo au mkono unaomjia kutoka nyuma humrudisha kwenye siku ile aliyoumizwa. Naye hupiga teke kabla hajafikiri. Mwingine huganda, akakosa hata kulitaja jina lake. Huyu askari humwita mkaidi kwa sababu "amekataa kujibu".

Kuna pia kifafa. Baada ya degedege, mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa kwa dakika kadhaa au hata zaidi, asijue alipo. Akishikwa kwa nguvu wakati huo, anaweza kupigana bila kukusudia. Kadhalika, baadhi ya watoto waliougua malaria kali iliyofika kwenye ubongo hupona homa lakini hubaki na udhaifu wa kukumbuka, wa kusema au wa kuzuia hasira. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi huko Kilifi katika pwani yetu.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili ana hatari ya namna nyingine. Yeye hupenda kumridhisha anayemhoji. Ukimwuliza, "Ni wewe uliyeiba?" atajibu "ndiyo." Ukimwuliza, "Si wewe uliyeiba, sivyo?" atajibu "ndiyo" vilevile. Taarifa ya namna hiyo ikifika kortini, inaweza kumfunga asiye na hatia na kumwacha mwizi halisi akitembea.

Mwisho kuna mtoto aliyezoea chang'aa au gundi. Akikaa korokoroni saa chache bila kilevi, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona vitu visivyokuwepo. Kwa aliyezoea pombe sana, hali hii inaweza kumletea degedege na hata kifo. Huyo anahitaji hospitali usiku huo huo, wala si kungojewa hadi asubuhi.

Mafunzo yenyewe ni yapi?

Watu wengi husikia "mafunzo ya afya ya akili" wakadhani kwamba askari anatakiwa kugeuzwa kuwa daktari. Sivyo. Askari hafundishwi kutaja jina la ugonjwa wala kutoa dawa. Anafundishwa mambo machache, lakini ayafanye vyema.

La kwanza ni kutambua. Anajifunza dalili ambazo tumezitaja, na anajifunza kujiuliza, "Huyu mtoto amepatwa na nini?" kabla ya kuuliza, "Huyu mtoto ana kiburi gani?"

La pili ni kutuliza. Mtoto aliyepandwa na hofu hasikii amri, na kumpigia kelele ni kuumwagia moto petroli. Afisa hufundishwa kupunguza sauti, kusimama kando badala ya kumkabili mtoto uso kwa uso, kumpa nafasi, kumwambia jina lake na kumweleza kila hatua kabla hajaichukua: "Sasa nitakufungua pingu. Kisha tutaketi pale." Asimame mtu mmoja tu wa kusema, na wengine wanyamaze. Ikibidi kumshika ili asijidhuru, asilazwe kifudifudi na kukandamizwa mgongoni, kwa maana anaweza kukosa pumzi na kufa.

La tatu ni kuuliza. Huko Massachusetts, Marekani, wataalamu Thomas Grisso na Richard Barnum walitunga orodha ya maswali 52 ya kujibiwa "ndiyo" au "la", kwa vijana wa miaka 12 hadi 17 wanaoingia mikononi mwa sheria. Maswali hayo huchukua kama robo saa tu, na anayeyauliza si lazima awe daktari. Yanahusu hasira, huzuni, vilevi, maumivu ya mwili, matukio ya kutisha na mawazo ya kujiua. Majibu hayasemi mtoto ana ugonjwa gani. Yanasema tu, "Huyu apelekwe kwa mtaalamu, na huyu apelekwe upesi." Orodha ya namna hiyo haifai kutafsiriwa ovyo na kutumiwa. Ni lazima ijaribiwe kwanza kwa watoto wetu na kwa lugha zao. Lakini wazo lake ni jema: kila mtoto aulizwe, badala ya kungoja hadi mmoja atundikwe na shati lake mwenyewe.

Hapa kuna hofu moja ambayo ni lazima tuiondoe. Watu wengi, wakiwemo maafisa, huamini kwamba ukimwuliza mtoto kama anafikiria kujiua, utamtia wazo hilo kichwani. Si kweli. Wataalamu wamelichunguza jambo hili na kuona kwamba kumwuliza waziwazi, kwa upole, hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kwa kuwa amepata wa kumwambia.

La nne ni kuunganisha. Mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao mambo yake makuu ni matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kuunganisha ni kumfikisha mtoto kwa mzazi, kwa afisa wa watoto au kwa kliniki. Afisa aliyefunzwa anajua kliniki iliyo karibu ni ipi, nani wa kupigiwa simu usiku, na gari litatoka wapi.

Saa za kwanza

Katiba yetu ya mwaka 2010 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini katika muda usiozidi saa 24, au siku inayofuata ya korti ikiwa muda huo umekwisha korti zikiwa zimefungwa. Kuhusu watoto, Kifungu cha 53 kinasema kwamba mtoto asizuiliwe ila kama njia ya mwisho, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo, na akae mbali na watu wazima.

Kwa upande wa afya, saa hizo za kwanza ndizo za hatari zaidi. Mtoto amejaa aibu na hofu, hajui mama yake ataambiwa nini, na labda kilevi kinamtoka mwilini. Ndiyo maana kumfungia peke yake ili "apoe" ni kosa kubwa. Upweke haumpozi mtoto wa namna hiyo. Humwachia nafasi ya kujidhuru. Afisa aliyefunzwa huondoa mshipi na kamba za viatu, humweka mtoto mahali anapoonekana, humpitia mara kwa mara bila kufuata saa maalum, na huandika alichokiona ili mwenzake wa zamu inayofuata ajue.

Zamani kulikuwa na jambo jingine lililozidisha hatari. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu. Mtu aliyeponea chupuchupu angeweza kutoka hospitalini na kuingia korokoroni. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo afisa anayemkuta mtoto wa namna hiyo anapaswa kumtazama kama mgonjwa.

Si polisi peke yao

Askari wa kituo ndiye wa kwanza kukutana na mtoto, lakini si wa mwisho. Hakimu naye ahitaji mafunzo. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai. Chini ya sheria ya awali, umri huo ulikuwa miaka minane tu. Na mtoto aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka korti ithibitishiwe vinginevyo. Korti itathibitishiwaje, ikiwa walio mbele yake hawajui jinsi akili ya mtoto inavyokua? Isitoshe, mtu aliyepatwa na tukio la kutisha mara nyingi hulikumbuka vipande vipande. Leo atasema hili, kesho lile. Hakimu asiyelijua jambo hilo atamwita mwongo.

Kiongozi wa mashtaka na afisa wa probesheni huamua au kupendekeza kama mtoto aepushwe na kesi na kusaidiwa akiwa nyumbani. Wakijua kwamba chanzo cha kosa ni ugonjwa unaotibika, mapendekezo yao yatakuwa tofauti.

Kisha kuna wale wanaokaa na mtoto kwa miezi au miaka: walimu na walezi wa shule za kurekebisha tabia kama Wamumu, Kabete na Kirigiti, na askari wa taasisi za Borstal za Shikusa na Shimo la Tewa. Hawa ndio wanaomwona mtoto akila, akilala na akiota ndoto mbaya. Wakiwa wamefunzwa, watajua kwamba mtoto anayelowesha kitanda akiwa na miaka 14 hahitaji kuchekwa. Watajua kwamba aliyeacha kula na kuanza kugawa vitu vyake huenda anaaga.

Mafunzo haya si hisani. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa mwaka 1985, zijulikanazo kama Kanuni za Beijing, zinataka polisi wanaoshughulika na watoto wapewe mafunzo maalum. Zile za mwaka 1990 kuhusu watoto walio kizuizini zinataka wafanyakazi wafunzwe saikolojia ya watoto. Kenya iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka huo huo wa 1990.

Je, huku si kudekeza?

Wako wanaouliza: na yule aliyeibiwa simu je? Mbona mwizi abembelezwe? Ni swali la haki. Lakini mtoto mwenye ugonjwa ambao haukutibiwa hutoka kizuizini na ugonjwa wake, tena umezidi, na atakayeumia mara ya pili ni jirani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema mvunje. Kumtibu mtoto hakumwondolei jukumu la kujibu alilolifanya. Kunamwezesha kulielewa.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba mafunzo ni dawa ya kila kitu. Semina ya siku moja yenye chai na cheti husahaulika kabla ya mwezi kwisha. Mafunzo yenye faida hurudiwa, huwa na mazoezi ambapo afisa mmoja anakuwa mtoto na mwingine anamtuliza, na huwa na msimamizi anayefuatilia kazini. Pia hayana maana ikiwa hakuna mahali pa kumpeleka mtoto. Madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wako mijini, seuze madaktari wa akili za watoto. Kwa hivyo kila kituo kinapaswa kuwa na maafikiano ya maandishi na hospitali iliyo karibu, ambako muuguzi au tabibu aliyefunzwa anaweza kuanza matibabu.

Na tusimsahau afisa mwenyewe. Anayesikiliza visa vya watoto walionajisiwa na kupigwa, mwaka nenda mwaka rudi, naye huumia. Hukosa usingizi, huwa mkali, hunywa. Mafunzo mazuri humwambia kwamba hilo si udhaifu, na humwonyesha pa kwenda.

Wewe mzazi ufanye nini?

Iwapo mtoto wako au wa jirani amekamatwa, yafuatayo yatasaidia:

Nenda kituoni mara moja, hata kama una hasira naye. Kukuona tu kunampunguzia hatari.

Chukua kadi yake ya kliniki na dawa zake. Ikiwa ana kifafa, mweleze afisa wa zamu dozi yake na saa zake. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla huleta degedege. Likitokea, alazwe ubavu, kichwa kikingwe, na asitiwe kitu chochote mdomoni.

Mweleze afisa kama mtoto aliwahi kujaribu kujiua, kuumia kichwani, kusikia sauti, au kama hasikii vizuri. Omba yaandikwe katika kitabu cha matukio. Usione aibu. Aibu yako yaweza kumgharimu maisha.

Omba afisa wa watoto aitwe. Unaweza pia kupiga simu nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na hailipiwi.

Kortini, mwombe hakimu aamuru mtoto apimwe na daktari ikiwa una shaka kuhusu akili yake.

Turudi kwa yule mvulana wetu. Tuseme afisa wa zamu alikuwa amefunzwa. Angemwona akiruka alipoguswa, naye angerudi nyuma hatua mbili. Angeketi. Angempa maji na kumwambia, "Hapa hakuna atakayekupiga. Nani nimpigie simu?" Labda baada ya nusu saa mvulana angelitaja jina lake, na labda jina la shangazi. Kesi ya simu ingebaki palepale, ikingoja asubuhi. Lakini mtoto angeifikia asubuhi hiyo akiwa hai.